Nyuzi Tano kwa Dakika Kumi

Vipande arobaini na viwili vilipasuka vyote, na aliyevipasua ni Fundi Jivu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, siku ya Jumamosi, mchana kweupe. Hakuna aliyejua ila yeye. Vipande hivyo vilikuwa kazi ya mwanamke aliyempenda, na alivipasua kwa sababu alimpenda. Ukiona maneno hayo hayaingii akilini, subiri kidogo. Hata yeye hayakumwingia upesi.

Jumatatu asubuhi walikwenda kulifungua tanuri pamoja, kama walivyozoea. Mwanamke alikuwa na tabia moja ya kitoto: alifumba macho kabla ya mlango wa tanuri kufunguka, akanyoosha mikono yenye glavu, akangoja kama mtu anayeletewa zawadi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mtaalamu anayeheshimika, na bado alifumba macho. Jivu alifungua mlango. Hakuwa na haja ya kutazama ndani, akamtazama yeye.

Mwanamke akafumbua macho. Hakupiga kelele. Alichukua kipande cha kwanza, kikagawanyika mara tatu kiganjani mwake. Akachukua cha pili. Cha tatu kilimeguka pembeni kama mkate uliochacha. Akatandika karatasi mezani, akaanza kuvipanga kimoja kimoja, vizima kulia, vibovu kushoto, bila haraka, mpaka trei ikaisha. Upande wa kulia haukuwekwa kitu.

Kisha akalivuta daftari la tanuri. Kidole chake kilishuka kwenye namba, mstari baada ya mstari: Ijumaa, saa mbili asubuhi, nyuzi mia mbili; dakika kumi baadaye, mia mbili na tano; dakika kumi baadaye, mia mbili na kumi. Mistari sitini, yote kwa mwandiko wa Jivu, ule mwandiko wa kulala upande mmoja kama mgonjwa.

"Moto wako hauna kosa," alisema. "Ni tope langu. Kioo nimekizidisha."

Akaweka mkono begani kwa Jivu, akaubonyeza kidogo. Yeye aliyeharibiwa ndiye aliyembembeleza aliyeharibu. Hapo ndipo Jivu alipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, ulimi ukawa tayari. Alichosema ni kwamba chai ilikuwa inapoa.

Sasa lazima niieleze kazi yenyewe, maana usipoijua kazi hutaijua dhambi.

Ndani ya mfupa wa mtu hakujajaa kama jiwe. Kuna vitundu vitundu, kama ndani ya mkate, na vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha damu na uhai. Mtu akiugua mfupa, daktari akalazimika kukata sehemu iliyooza, panabaki pengo. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kutengeneza kitu cha kuziba pengo hilo: kipande cha kauri chenye vitundu kama vya mfupa, ambacho mfupa wenyewe utakikubali, utaota kupitia vitundu vyake, na mwisho utakifanya chake.

Alianza na sponji. Sponji hasa, ya godoro. Alikuwa akipita kwa wauza magodoro akibonyeza kila godoro kwa kidole gumba na kulitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia, mpaka wakambandika jina la Mama Sponji, ingawa hakuwa na mtoto. Jina likamfuata hadi kazini. Sponji aliikata vipande vidogo, akavichovya kwenye tope alilokoroga mwenyewe: unga wa madini yale yale yaliyomo mfupani, ukichanganywa na unga laini wa kioo cha aina maalumu. Akavikamua ili vitundu visizibe. Akaviacha vikauke siku nne. Kisha vikaingia kwa Jivu.

Tanurini sponji inaungua. Lakini haitakiwi kuwaka. Inatakiwa iondoke taratibu, moshi kidogo kidogo, bila kugombana na tope lililoishika. Ikiondoka vizuri, tope linabaki limesimama peke yake, likiwa na umbo la kitu ambacho hakipo tena. Baada ya hapo moto ukipanda juu kabisa, tope linakuwa kauri. Ila sponji ikisukumwa kwa pupa, moshi unatafuta njia kwa nguvu, na njia yake ni ufa.

Kati ya nyuzi mia mbili na mia tano ndipo sponji inapoaga. Hapo moto unapandishwa nyuzi tano kwa kila dakika kumi, wala si sita. Saa kumi mfululizo. Tanuri lao lilikuwa la zamani, na kile kifaa cha kulipandisha lenyewe kilikuwa kimekufa miaka miwili nyuma, kwa hiyo Jivu alilipandisha kwa mkono. Alikaa kwenye kigoda mbele yake toka asubuhi hadi jioni, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye mshale wa joto. Wenzake walimtania kwamba amemuoa tanuri na kwamba watoto wao watakuwa matofali. Yeye alicheka. Mkewe alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na mtu anayerudi kwenye chumba ambacho sufuria ni moja na kijiko ni kimoja haoni vibaya kukaa saa kumi mbele ya kitu chenye joto.

Mama Sponji ndiye aliyeleta kigoda cha pili.

Alikuja na kigoda, akakaa, akatoa barua aliyokuwa ameiandika kwa wakubwa fulani, akamwomba Jivu aisome kwa sauti. Jivu alimwambia kwamba yeye shule aliiacha darasa la sita na kusoma kwake ni kwa kukwamakwama. Mwanamke akajibu kwamba ndiyo maana anamtaka yeye. Wasomi wenzake wakisoma sentensi mbovu wanaipita tu, kwa aibu. Yeye akikwama, basi hapo sentensi ndiyo yenye kosa, si msomaji.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Jivu neno kama hilo. Alisoma barua ile, akakwama mara nne, na mara zote nne mwanamke akachukua kalamu, akarekebisha. Alipomaliza alitazama juu, akakuta anatazamwa. Macho yalikutana, yakakaa, na mshale wa joto ukapita dakika moja bila mwenyewe.

Kuanzia hapo kila barua ilipita mdomoni kwa Jivu. Miaka mitatu. Chai kwenye vikombe viwili vya bati, vigoda viwili, mlango wa tanuri ukiwaka wekundu kidogo kwenye kingo zake. Kazini Jivu alimwita Daktari, naye akamwita Fundi. Na hata walipokwisha kuambiana yaliyomo moyoni, waliendelea hivyo hivyo, kwa sababu majina mengine waliyaonea haya. Maabara ya mji mwingine, mbali, yenye tanuri jipya linalojiendesha, ilimwita mwanamke mara mbili akafanye kazi huko. Mara mbili alikataa. Sababu alizowaandikia, Jivu alizisoma kwa sauti na hakukwama popote, ingawa zilikuwa za uongo. Sababu ya kweli ilikuwa imekaa kwenye kigoda.

Shida ilikuwa nyumbani kwao mwanamke. Mama yake, bibi mfupi mwenye macho ya kuhesabu watu, hakutaka kusikia habari za binti yake kuolewa na mchoma vyungu. Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alihoji kama katika watu wote waliomaliza shule hakuonekana hata mmoja. Hata hivyo walikubali aje wamwone. Siku ya kwanza iliyopangwa, Jivu hakufika: tanuri lilikuwa na mzigo. Siku ya pili hakufika: mzigo mwingine. Bibi akasema maneno ambayo binti yake aliyaleta kazini kama yalivyo, bila kuyapunguza ukali. Mtu anayekungojesha mara mbili anakuonyesha ngazi yako. Atakuja Jumamosi saa kumi jioni, na asipokuja, jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii.

Mzigo wa vipande arobaini na viwili ulipangwa kuchomwa Ijumaa. Mama Sponji aliondoka Alhamisi kwenda kwa mama yake kuandaa nyumba, akijua Ijumaa moto utawaka, Jumamosi Jivu atakuwa huru, na Jumatatu watafungua. Lakini wiki ile ilinyesha mvua. Ijumaa asubuhi Jivu alikishika kipande kimoja shavuni, kama tunavyopima paji la mtoto mwenye homa, akakikuta bado kina ubaridi wa maji. Kukichoma hivyo ni kukiua. Akasubiri.

Hakupiga simu. Alijiambia mwanamke ana kazi nyingi kwao, asimtie wasiwasi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi vipande vilikuwa vimekauka. Akawasha. Saa mbili mshale ulifika mia mbili. Saa kumi za kupandisha kuanzia hapo zinaishia saa kumi na mbili jioni, na bado kuna kupanda hadi juu na kukaa huko. Na kwa bibi alitakiwa saa kumi. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kana kwamba vidole vingeongezeka.

Angeweza kulizima tanuri na kuanza Jumapili. Alipokuja kuulizwa baadaye kwa nini hakufanya hivyo, alisema hakulifikiria, na ilikuwa kweli. Mtu akiogopa, mlango ulio wazi ndio hauoni.

Alipandisha nyuzi kumi na mbili kwa dakika kumi, halafu kumi na tatu. Moshi ulitoka kwenye tundu la juu mzito kuliko kawaida, wa manjano, akaugeuzia mgongo. Saa sita mchana mshale ulifika mia tano. Kazi ya saa kumi ilikuwa imekuwa ya saa nne. Saa tisa na dakika ishirini alizima kila kitu, akakaa mezani akajaza daftari: Ijumaa, saa mbili, mia mbili, mia mbili na tano, mia mbili na kumi. Namba alizijua kwa moyo. Kisha akaoga kwenye bomba la nje, akasugua kucha kwa brashi ya waya, akavaa shati.

Alifika saa kumi kasoro dakika tano.

Na mambo yalikwenda vizuri, ndiyo balaa yenyewe. Sebule ilikuwa ndogo, viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani juu ya kichwa cha bibi. Bibi aliitazama saa, akamtazama mgeni, akaitazama saa tena. Mwalimu mkuu alimuuliza amesoma mpaka wapi. Jivu akajibu kwamba mpaka la sita, la saba walimsomea wenzake. Mke wa mwalimu mkuu akaangua kicheko jikoni, na mumewe, aliyekuwa amejiandaa kwa majivuno, akakosa pa kupiga. Wakazungumza habari za udongo, za moto, za mkewe marehemu. Bibi aliomba aone mikono yake. Akaigeuza, akatazama makovu, akasema kwamba mikono ya marehemu mumewe ilikuwa laini, na haikumfaa kitu.

Mama Sponji alikuwa amesimama mlangoni na trei. Alimtazama Jivu kupita juu ya vichwa vya ndugu zake, macho yakiwa na maji yasiyodondoka. Jivu alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata zamani. Alijaribu kufurahi, lakini puani alikuwa bado na ule moshi wa manjano.

Jumatatu walifungua tanuri, na yaliyotokea nimekwisha kuyasema.

Hospitali iliyokuwa ikivisubiri vipande ilitaka vifike kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata. Jopo la madaktari wa upasuaji lingevijaribu, na kama vingefaa, kazi ingesonga mbele hadi kwa wagonjwa. Walisema visipungue ishirini. Unga wa madini Mama Sponji alikuwa ameutengeneza kwa wiki kumi na moja, kijiko kwa kijiko, na wote ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni kopo moja la tope kwenye kabati la baridi. Lingetosha vipande ishirini, labda ishirini na viwili.

Jumanne alilitoa kopo lile. Alikuwa amekesha na mahesabu, macho mekundu. Alimweleza mkuu wa maabara kwamba kosa ni lake, na kwamba fundi asiulizwe neno. Kisha akarudi chumba cha tanuri na ndoo. Alisema tope bovu halina kazi, likikaa litamshawishi kulijaribu tena, na vipande vibovu vikienda kwa mgonjwa siku moja, mguu wa mtu utavunjika mara ya pili. Akainamisha kopo. Tope lilishuka taratibu, jeupe, zito kama maziwa yaliyoganda, likaishia ndooni.

Jivu ndiye aliyeshika ndoo. Tena ndiye aliyeibeba hadi nje, akaimwaga kwenye shimo nyuma ya jengo, akasimama pale akitazama udongo ukinywa wiki kumi na moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema mtu anajisikiaje akibeba ndoo.

Jumatano mama yake mwanamke alipiga simu. Mama Sponji alikuja kumweleza Jivu akiwa na tabasamu la kwanza tangu Jumatatu, dogo, la kuazima. Mama amekubali. Kaka amekubali, kwa kunung'unika, lakini kwake huko ndiko kukubali. Na mama alikuwa na neno lake: mwanamume anayefika kabla ya saa hana hila.

"Umenyamaza," alisema. "Hufurahi?"

"Nimefurahi," Jivu alisema.

Usingizi haukuja usiku ule, na alfajiri alikwenda kazini akakuta yeye ni wa kwanza. Akavipanga vigoda viwili. Akakaa.

Alhamisi hiyo Mama Sponji alileta barua. Ilikuwa kwa jopo la madaktari, ukurasa mmoja. Alimpa kama siku zote, akakaa kwenye kigoda chake, kalamu mkononi, akingoja mahali pa kukwama. Tanuri lilikuwa baridi. Jivu alisafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole chini ya mstari.

Barua iliwashukuru madaktari kwa subira. Ilisema vipande havitakuja. Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba mchanganyiko wa madini na kioo haufai kwa kazi hii, na kwamba mwandishi anauondoa, hataupendekeza tena. Halafu ikaja sentensi fupi: "Kosa ni la mchanganyiko, na mchanganyiko ni wangu."

Jivu alisoma "Kosa ni." Akakwama. Akaanza tena. Akakwama pale pale.

Kalamu ilikuwa tayari. "Sentensi mbaya?"

"Sentensi nzuri," Jivu alisema. "Ila si kweli."

Mwanamke alidhani anamhurumia. Akatabasamu kwa uchovu, akasema asimtetee, namba hazina upendeleo. Jivu akaikunja barua mara moja, akaiweka gotini, akamweleza. Alieleza mvua, vipande vyenye ubaridi, Jumamosi, saa nne badala ya kumi, moshi wa manjano. Alieleza daftari. Hakuacha kitu na hakuongeza kitu. Alipofika kwenye shati safi na saa ya ukutani, akaishia hapo.

Alikuwa ameutazama ukuta muda wote. Alipogeuka, mwanamke alikuwa amekifunga kifuniko cha kalamu na anakibonyeza, anakibonyeza, ingawa kilikwisha kufunga.

"Kwa hiyo tope lilikuwa zima," alisema.

"Zima kabisa."

"Na la kwenye kopo."

Jivu aliitikia kwa kichwa.

"Ulishika ndoo," mwanamke alisema. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Nikiwa namwaga, ulikuwa umeshika ndoo."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea. Mwanamke aliinuka, akaenda kwenye tanuri, akauweka mkono kwenye mlango wake baridi, akarudi akakaa. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Jivu kuliko ukali.

"Kwa nini hukunipigia Ijumaa?"

"Mama yako alisema ni mara ya mwisho."

"Nakuuliza wewe, sikumuuliza mama."

"Niliogopa ungeniambia nikae na tanuri," Jivu alisema, "na nikikaa, nimekupoteza."

"Ningekuambia ukae. Ndiyo." Alikuwa akitazama vigoda, si yeye. "Halafu ningekuja kukaa na wewe hapa. Mama angekasirika. Angekasirika mwezi, miezi miwili, halafu angechoka. Mama yangu anachoka haraka, Fundi, hujui tu. Mimi ndiye nisiyechoka. Nimekungoja hapa miaka mitatu, dakika kumi kumi. Ulidhani ningeshindwa na Jumamosi moja?"

Jivu alisema kwamba alikosea. Alisema hivyo tu, maana hakuwa na maneno mengine na aliona aibu kuyatafuta. Aliomba wajaribu tena; angekaa mbele ya tanuri usiku na mchana. Mwanamke akamjibu kwamba unga ni wiki kumi na moja na hospitali ni wiki moja, na hilo yeye fundi analijua.

"Kupasuka ningekusamehe Jumatatu ile ile," alisema. "Ungesema kabla sijafumbua macho. Moto ni moto, na mtu ni mtu. Lakini umeniacha siku tatu nikijichambua. Nimejiona mjinga mbele yako, na ukaniangalia. Nitafumba macho vipi tena mbele ya mlango unaoufungua wewe?"

Alilia kidogo wakati huo, bila sauti, akajifuta kwa mkono wa koti. Jivu alinyoosha mkono nusu ya njia. Mkono ukabaki pale katikati, hauna mwenyewe, mpaka akaurudisha.

Mwanamke akaichukua barua gotini mwake. Akaigeuza, akaandika nyuma yake, haraka, akampa.

"Soma."

Jivu alisoma. "Mchanganyiko ni mzima, na nitaendelea nao. Kosa lilikuwa la moto, na halikuwa la kifaa. Nimekubali mwaliko wa maabara nyingine, yenye tanuri linalojiendesha, ambako nitautengeneza unga upya. Naomba mnipe miezi kumi na minne."

Jina la Jivu mwenyewe halikuwamo. Alilitafuta. Alisoma kutoka mwanzo hadi mwisho na hakukwama popote.

"Basi inaeleweka," Mama Sponji alisema.

Aliondoka Jumapili ya pili yake. Jivu alimsaidia kufunga mitungi midogo na mizani, akaandika kwenye kila sanduku kwa ule mwandiko wake wa kulala upande. Mlangoni walipeana mikono kama watu wa ofisi. Mwanamke aliushikilia wake zaidi ya inavyopaswa, akaubonyeza kwa kidole gumba katikati ya kiganja, namna alivyokuwa akibonyeza magodoro, kana kwamba anataka kujua kikibonyezwa kinarudi au hapana. Kisha akauachia. Bibi, aliposikia, alituma salamu kwamba mgeni wa Jumamosi anaruhusiwa kuja kumsalimu, awe na binti au asiwe naye. Jivu hajaenda.

Sasa anachoma mizigo ya watu wengine. Nyuzi tano kwa dakika kumi, wala si sita, saa kumi mfululizo, na daftari analijaza kila baada ya dakika kumi, mstari mmoja mmoja. Barua haletewi na mtu. Jioni, mshale ukifika mia tano, anaosha kikombe kimoja.

Ukitaka kujua iligharimu nini, alikwisha kuhesabu, ana muda wa kuhesabu. Vipande arobaini na viwili. Unga wa wiki kumi na moja. Kopo moja la tope. Siku tatu za kunyamaza. Miezi kumi na minne, ambayo imepita miwili. Kigoda kimoja, ambacho hajakiondoa.

Na alichookoa Jumamosi ile, kwa gharama yote hiyo, ni saa sita kati ya zile kumi.